Ridi ya Mwalimu Mdomoni mwa Mwanafunzi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Basuni

Kisa hiki kinawahusu watu wawili. Wa kwanza ni mpigaji wa kiti cha kwanza, yaani mpigaji mkuu, wa basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, katika okestra yenye ratiba ya mwaka mzima, ambaye pia hufundisha ala hiyo katika chuo cha muziki. Wa pili ni mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Sitawapa majina, kwa kuwa kisa chenyewe kimejengwa kutokana na hali zinazojirudia sana katika kazi hii, na yeyote aliyewahi kuishi karibu na wapigaji basuni atawatambua wahusika kwa mwenendo wao.

Tatizo lilikuwa dogo kwa kulitazama. Mwanafunzi alikuwa na vidole vyepesi, sikio zuri na nidhamu ya mazoezi, lakini kila alipokwenda kwenye usaili wa okestra na kutakiwa apige mwanzo wa Simfonia ya Sita ya Tchaikovsky, noti ya kwanza ilichelewa kutoka. Kwanza ulisikika mvumo wa hewa tupu, kisha noti ikaruka ghafla ikiwa na nguvu kuliko ilivyotakiwa, na kutoka upande wa pili wa pazia wasaili wakamshukuru na kumwita mwombaji aliyefuata. Chumbani kwa mwalimu, noti hiyohiyo ilitoka bila shida wiki baada ya wiki. Tofauti hiyo baina ya chumba cha somo na ukumbi wa usaili ndiyo iliyobeba jibu la kisa kizima, nayo ndiyo iliyopuuzwa kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote.

Inafaa kueleza noti yenyewe inadai nini. Basuni ni ndugu wa zumari kwa maana ya kwamba sauti yake huanzia kwenye vipande viwili vya tete vinavyotikisika kati ya midomo, na vipande hivyo vikifungwa pamoja ndiyo ridi. Ila ni ndugu mwenye sauti nzito, ambaye mrija wake ukinyooshwa hufikia takriban mita 2.5, nao umekunjwa ili ala iweze kushikwa na binadamu wa kawaida. Simfonia ya Sita, iliyopigwa kwa mara ya kwanza St. Petersburg mwezi Oktoba 1893 chini ya uongozi wa mtunzi mwenyewe, siku tisa kabla ya kifo chake, inaanza na besi za nyuzi zikivuma chini kabisa, na juu yake basuni moja inaingia kwa noti ya E, nusu-toni sita tu juu ya noti ya chini kabisa ya ala hiyo. Ili kuipata, karibu kila tundu linalofikiwa na vidole linapaswa kuzibwa, kwa hiyo hewa inasafiri sehemu kubwa ya mrija kabla ya kutoka. Alama iliyoandikwa hapo ni pianisimo, yaani kwa sauti ya chini sana, maana yake ridi inatakiwa ianze kutikisika kwa pumzi kidogo mno. Ridi ngumu haikubali. Inaipitisha pumzi hiyo bila kutikisika, na mpigaji anapoongeza nguvu kidogo inaamka yote kwa mkupuo. (Baadaye katika sehemu hiyohiyo ya simfonia, Tchaikovsky aliiandikia basuni noti nne zenye alama ya p sita (p ni ya piano, yaani kwa upole, na kila p inayoongezwa inazidisha upole huo), na okestra nyingi humpa mpigaji wa klarineti besi azipige badala yake. Mtu asidhani, basi, kwamba kupiga kwa sauti ya chini na kwa upole ni jambo la wanaoanza.)

Dhana ya kwanza ya mwalimu ilikuwa hofu. Haikuwa dhana mbaya, kwa sababu hofu hukausha kinywa na kufupisha pumzi, na mpigaji wa ala ya kupuliza huona athari zake mapema kuliko mpiga kinanda. Wakafanya kazi ya pumzi. Wakafanya usaili wa kuigiza, mwanafunzi akiingia chumbani bila kupasha ala joto, akikaa, akipiga noti ile bila onyo. Akaimarika, na kwa kweli katika usaili uliofuata alijihisi mtulivu kuliko siku zote; lakini noti ikachelewa vilevile. Mtu mtulivu anaposhindwa mahali palepale aliposhindwa akiwa na hofu, hofu haiwezi kuendelea kubebeshwa lawama peke yake.

Dhana ya pili ilikuwa ala, na hapa hakuna haja ya kukawia. Ukiziba mwisho wa kipande kimoja cha basuni kwa kiganja, ukafunika matundu yake na kuvuta hewa kwa mdomo, utahisi mara moja kama kuna pedi, yaani kifuniko cha tundu, isiyoziba vizuri. Walipima kila kipande, wakasafisha kitundu kidogo kilichomo kwenye bokali, yaani ule mrija mwembamba wa madini uliopinda unaobeba ridi, wakajaribu bokali nyingine. Ala ilikuwa nzima.

Ikabaki ridi, na hapa ndipo mambo yalipo.

Ridi za basuni hutengenezwa kwa tete la aina ya Arundo donax, na eneo linalosifika zaidi kwa tete hilo ni jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Tete hukatwa, hukaushwa kwa muda mrefu, hupasuliwa na kukwanguliwa kwa ndani hadi kubaki unene wa milimita moja na ushee, kisha hukatwa umbo, hukunjwa katikati, hufungwa kwa nyaya tatu na kuzungushiwa uzi sehemu ya chini. Mpaka hapo kazi ni ya ufundi ambao mtu anaweza kuujifunza kwa kufuata vipimo, au hata kuuruka kwa kununua zilizoandaliwa nusu. Kinachofuata hakina kipimo kinachotosha. Ncha hukatwa ili pande mbili ziachane, na mtengenezaji anaanza kukwangua kwa kisu, hapa kidogo na pale kidogo zaidi, akiipuliza ridi peke yake nje ya ala ili asikilize mlio wake, akiirudisha kwenye ala, akiitoa tena. Ukiipunguza sana sehemu ya nyuma, noti za chini zitatoka kwa urahisi lakini za juu zitalegea na kushuka. Ukiiachia mgongo mnene, noti za juu zitasimama imara na za chini zitakuwa na ukaidi. Hakuna ridi inayompa mpigaji kila kitu. Isitoshe, tete ni mmea, linanyonya unyevu na kuachia unyevu, linabadilika ukumbi ukiwa mkavu, linabadilika ukipanda mahali pa juu, na baada ya majuma machache ya kazi nzito huchoka. Ndiyo maana mpigaji basuni wa kulipwa ni fundi kwa nusu ya maisha yake, na meza yake ya kazi nyumbani ina visu, koleo, tupa na vumbi la tete.

Aliyeliona tatizo hakuwa mwalimu bali mwenzake wa kiti cha pili katika okestra, aliyealikwa kusikiliza mojawapo ya saili za kuigiza. Baada ya noti kuchelewa mbele yake, aliomba aone kijisanduku cha ridi cha mwanafunzi. Ndani yake zilikuwa ridi kadhaa, zote zimezungushiwa uzi mwekundu, na uzi mwekundu ndio ambao mwalimu amekuwa akiutumia kwa ridi zake mwenyewe tangu mwenzake amfahamu. Mwanafunzi alikuwa akiziandaa mpaka hatua ya kufunga nyaya, kisha anampelekea mwalimu. Kisu cha mwisho kilikuwa mkononi mwa mwalimu daima. Kila somo lilianza kwa maneno yaleyale, “Mwalimu, naomba uniangalizie hii,” na mwalimu akaipuliza, akakwangua mara mbili tatu, akabana waya kwa koleo na kuirudisha. Jambo la dakika tano. Kisha somo likaanza, na noti ya E ikatoka vizuri kwa sababu ridi ilikuwa imetoka kurekebishwa, katika hewa ya chumba kile, na mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Kulikuwa na jambo jingine. Msimu ule okestra ilikuwa imepanga kazi zinazompeleka mpigaji wa kwanza juu sana, zikiwemo Le Sacre du printemps, muziki wa baleti wa Stravinsky, ambayo tangu onesho lake la kwanza mjini Paris tarehe 29 Mei 1913 inafunguliwa na basuni peke yake ikipiga katika kimo ambacho wasikilizaji wengi hawaitambui kuwa ni basuni, na Boléro ya Ravel ya mwaka 1928, ambayo nayo inampa basuni wimbo wake mahali pa juu. Kwa kazi kama hizi mwalimu alikuwa anahitaji ridi zenye mgongo, na mkono wake, usiku akiwa mezani, ulikuwa umeshazoea kukwangua kwa kujizuia. Aliporekebisha ridi ya mwanafunzi kesho yake mchana, mkono ulikuwa uleule. Alikuwa akimpa mwanafunzi ridi iliyotengenezwa kwa ajili ya Stravinsky, na mwanafunzi akaenda nayo kumpigia Tchaikovsky katika ukumbi mkavu, mbele ya watu wasiomwona. Ni kama kwenda safari ndefu kwa kiatu kilichoshika umbo la mguu wa mtu mwingine.

Inaweza kudhaniwa kwamba mwalimu huyu alikuwa mzembe. Sioni hivyo, na nadhani mchambuzi anayeishia hapo hajaelewa maisha haya yanavyokwenda. Okestra kubwa huwa na wapigaji basuni wachache, kwa kawaida kati ya wawili na wanne ukimhesabu wa kontrabasuni, basuni kubwa yenye sauti nzito zaidi, na kiti kinaweza kukaa miaka mingi bila kuachwa wazi. Aliyekipata hukilinda, na wengi huunganisha kipato kwa kufundisha, kupiga kama wa akiba katika okestra nyingine, na hata kuuza ridi. Siku ya mazoezi inaanza asubuhi, masomo yanabanwa mchana, onesho ni usiku, na ridi zinapata muda unaobaki. Chuo kinamlipa mwalimu kwa saa ya somo na kinampima kwa jinsi wanafunzi wake wanavyosikika kwenye maonesho ya mwisho wa muhula. Hakuna anayeandika popote ni nani aliyekwangua. Katika mazingira hayo kumkabidhi mwanafunzi kisu kunamgharimu mwalimu saa nzima ya somo na ridi iliyoharibika, ilhali kukichukua kunamgharimu dakika tano na kunampa mwanafunzi anayesikika vizuri siku hiyohiyo. Kila siku moja moja, uamuzi wa mwalimu ulikuwa na mantiki. Kwa kuzijumlisha siku hizo, alikuwa amemfikisha mwanafunzi mwaka wa mwisho bila ya nusu ya kazi atakayoiishi.

Na kuna upande wa sifa. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wote wana sauti nzuri husemwa vizuri, na sauti hiyo nzuri, kwa ala yenye ridi ya vipande viwili, ni ya ridi kwa sehemu kubwa. Baadhi ya walimu huwauzia wanafunzi wao ridi zilizokamilika kwa miaka yote ya masomo. Kwa mtoto anayeanza, ambaye vidole bado vinatafuta matundu, sina neno. Kwa mwanafunzi wa chuo anayejiandaa kwa usaili, naona ni mgongano wa maslahi, kwa kuwa kadiri mwanafunzi anavyokawia kujitegemea ndivyo mwalimu anavyofaidika.

Hatua walizochukua hazikuwa na ustadi wowote wa pekee. Mwalimu aligawa somo mara mbili, nusu ya kwanza ikawa mezani na nusu ya pili kwenye ala, na akajiwekea sharti la kutogusa ridi ya mwanafunzi kwa namna yoyote. Aliruhusiwa kusikiliza na kusema tu. Walianza na nyaya, kwa kuwa kosa la waya linarekebishika na la kisu halirekebishiki. Mwanafunzi alijifunza kwamba ukiubana waya wa kwanza kwa ubavuni, mdomo wa ridi hufunguka, na ukiubana kwa juu na chini hujifunga. Kwamba waya wa pili hufanya kinyume. Na kwamba ncha iliyofunguka kupita kiasi ndiyo ambayo mara nyingi huchelewesha noti ya chini inayotakiwa kwa upole. Katika somo la kwanza la namna hii aliupotosha waya mpaka ridi ikapasuka kutoka kwenye ncha hadi karibu na uzi, akainua macho. Mwalimu akamwambia, “Chukua nyingine.” Mazungumzo ya somo hilo, kwa sehemu kubwa, yalikuwa hayo.

Kisu kilipofuata, kazi ngumu zaidi ilikuwa ya masikio. Mwanafunzi alizoea kuhukumu ridi kwa swali moja, kama ni nzuri au mbaya, na swali hilo halimwambii mkono uende wapi. Alilazimika kujifunza kuuliza mambo yenye jibu: je, E ya chini inaitikia ulimi unapoigusa ridi kwa wepesi, je, noti za katikati zinapanda zikipigwa kwa upole, je, ridi ikipulizwa peke yake inatoa mlio wenye sauti nzito na nyembamba kwa pamoja au ni mlio mmoja mkavu? Aliandika majibu kwenye daftari kando ya kila ridi, pamoja na alipokwangua na hali ya hewa ya siku ile. Uzi wake ukawa wa bluu, kwa sababu ya vitendo tu, ili ridi zao zisichanganyike mezani.

Gharama ilikuwepo. Kwa sehemu kubwa ya muhula alisikika vibaya kuliko alivyosikika mwaka uliotangulia. Noti za katikati zilikuwa na ukali, sauti ya jumla ilikuwa nyembamba, na mkuu wa idara aliuliza, kwa adabu, kama mwanafunzi ana matatizo. Onesho lake la kuhitimu lilikuwa limeshapangwa, likiwa na koncheto (kazi ya ala moja ikisindikizwa na okestra) ya Mozart ya mwaka 1774, ambayo karibu kila usaili wa basuni duniani unaidai, na Sonata ya Saint-Saëns ya mwaka 1921, ambayo inataka noti za juu zenye utulivu. Mwalimu alimpa ridi mbili za uzi mwekundu kwa onesho hilo. Mwenzake wa kiti cha pili alimlaumu kwamba amevunja sharti lake mwenyewe. Mimi naona alifanya sawa. Alama za kuhitimu zingebaki kwenye cheti cha mwanafunzi maisha yake yote, na upungufu uliokuwa ukipimwa pale haukuwa wa mwanafunzi peke yake. Mwalimu alikuwa na deni, na kulilipa kwa ridi mbili ilikuwa bei ndogo. Kosa lingekuwa kumpa ridi hizo na kuendelea kumpa baada ya hapo.

Katika usaili uliofuata, noti ya E ilitoka kwa wakati wake. Mwanafunzi akapita mzunguko wa kwanza. Katika mzunguko wa pili wakamtaka Boléro, na ridi iliyoitikia vizuri kule chini ikamwangusha juu: noti zilitoka lakini zilishuka, na masikio ya wasaili hayakuhitaji kifaa cha kupimia. Hakupata nafasi. Lakini hapa tatizo lilikuwa la aina nyingine kabisa, kwa kuwa alijua kilichotokea kabla hajafika nje ya ukumbi: alikuwa amekwangua nyuma kupita kiasi, na hakuwa na ridi ya pili yenye tabia tofauti ya kubadilisha kati ya kipande na kipande. Wapigaji wengi huingia kwenye usaili wakiwa na ridi mbili au tatu zilizojaribiwa kwa vipande maalumu, na wengine hukataa jambo hilo kwa hoja kwamba kubadilisha kunavuruga midomo, wakitafuta ridi moja ya wastani inayokubali kila kitu kwa kiasi. Yeye alikuwa hajafika mahali pa kuchagua kati ya njia hizo mbili. Miezi kadhaa baadaye alianza kuitwa kama mpigaji wa akiba, na mara nyingi kwa kiti cha pili, ambako kazi ya kila siku ni kushikilia noti za chini kwa upole chini ya wenzake. Ridi iliyomnyima kazi moja ndiyo iliyompa nyingine.

Kwa upande wa mwalimu, mabadiliko yaliyoonekana haraka zaidi yalikuwa kwenye meza yake. Alipoacha kumaliza ridi za watu wengine, alipata usiku wa kutengeneza zake kwa aina mbili, za programu za juu na za programu za chini, jambo ambalo kwa miaka alikuwa akilisogeza mbele kwa kisingizio cha kukosa muda. Kisingizio hakikuwa cha uongo. Muda huo aliugawa yeye mwenyewe, dakika tano tano, kwa kila aliyemletea ridi.

Yeye na mwenzake wa kiti cha pili hawajakubaliana kuhusu wanaoanza. Mwenzake anashikilia kwamba mwanafunzi apewe kisu mwaka wa kwanza, hata kama ataharibu tete la muhula mzima, kwa kuwa mkono hujifunza kwa kuharibu. Mwalimu anajibu kwamba mtu ambaye hajawahi kupiga ridi nzuri hana anachokitafuta anapokwangua, kwa hiyo anahitaji kwanza kuishi na ridi nzuri ili sikio lake lipate kigezo. Mimi naegemea upande wa mwalimu, kwa sharti ambalo siku hizi analitekeleza: wanaoanza hupewa ridi iliyokamilika, lakini inakamilishwa mbele yao, mwalimu akisema kila anapopeleka kisu na sababu yake, na mwanafunzi anayaandika hayo kabla ya kuipuliza.